Bibi Apewe Maji

Tukubaliane mapema tusije tukasumbuana njiani: siku ile mjinga alikuwa Koili. Si jirani, si shetani, si joto la mchana. Yeye mwenyewe, na akili zake timamu, na bisibisi mfukoni. Baadaye alijaribu kuugawa ujinga ule kwa watu wawili watatu ili upungue uzito, lakini kila alipougawa ulimrudia mzima mzima, kama mbuzi anayejua kwao.

Jina la Koili alilipata kazini. Alikuwa fundi wa kusuka mota: za feni, za pampu, za mashine za kusaga. Mota ikiungua, yeye huifungua, huzing'oa nyaya zilizokufa, kisha huisuka upya kwa waya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, midomo ikicheza kwa kuhesabu kama mtu aliye katikati ya dua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Ila mbele ya mwanamke mmoja tu, viligeuka kuwa kama vya kuazima.

Mwanamke huyo kwao walimwita Vidole. Bibi yake alimbandika jina hilo tangu anatambaa, kwa sababu hakuna uji wala tope lililopita mbele yake likasalimika. Alikua, na hakuacha. Chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake alikigeuza karakana: ndoo za udongo, meza yenye makovu, mafungu ya katani yakining'inia kwenye misumari kama nywele za wanawake waliosahau kurudi kuzichukua. Alifinyanga vichwa vya watu, kisha akavisukia nywele, nyusi na ndevu kwa nyuzi za katani, hata ukiingia chumbani bila kubisha unajikuta umetoa salamu.

Tatizo lilikuwa Shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Vidole, aliyeishi nao humo kwa Bibi, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, mtu anayetazama saa hata anapocheka, ikitokea akacheka. Alikuwa amempa Vidole mpaka Jumamosi. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mama mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho angekuja kuitazama sanamu kubwa kuliko zote alizowahi kufinyanga. Akiipenda, Vidole abaki na tope lake. Asipoipenda, Jumatatu apande basi kwenda mji wa mbali, kwa baba yake mdogo, akakae kwenye duka la ndoo na mabeseni. Kuhusu Koili, Shangazi alishasema lake siku nyingi: mmoja anachezea tope, mwingine anachezea waya, watoto wao watachezea nini.

Basi Ijumaa ile, kama saa tano, Koili akafika na mkoba wake wa kazi. Feni ya Bibi ilikuwa imeharibika tena. Mara ya tatu mwezi huo. Na kwa kuwa tumekubaliana kusema kweli, mara mbili za kwanza feni haikuwa na ubovu wowote.

Alimkuta Vidole mlangoni, kapu begani, anatoka mbio. Alikuwa anawahi kiwanda cha kamba kuchukua katani nyeupe ya nywele. Hakuwa amelala vizuri. Macho yalikuwa mekundu na kwenye kidevu palikuwa na alama ya udongo ambayo Koili alitamani kuifuta, akaishia kuitazama.

"Nitarudi saa tisa," alisema Vidole. "Nisaidie kitu kimoja."

"Hata viwili."

"Bibi. Apewe maji kidogo kila baada ya saa moja. Kidogo tu, asilowe. Asifunuliwe. Na upepo, tafadhali, upepo usimguse. Akipigwa upepo leo, mimi nimekwisha."

Akamshika mkono. Mara ya kwanza kumshika mkono mchana kweupe, mlangoni kwao. Akamtazama usoni kama anayemkabidhi mtoto mchanga. Mwanamume akitazamwa hivyo haulizi maswali. Anaitikia.

"Niachie mimi," akasema Koili.

Hapa lazima nimtetee kidogo. Kwa wiki mbili nzima Vidole alikuwa akimwandikia habari za Bibi. *Bibi leo kapata masikio*, aliandika siku moja, na Koili akashukuru, maana bibi wa nyumba ile ilikuwa lazima umsalimie mara mbili ndipo aitikie. Siku nyingine: *Shingo ya Bibi inanitesa*. Kesho yake Koili akaja na kichupa cha dawa ya kuchua. Vidole akakipokea kwa macho yaliyolegea, akajua kijana ameona jinsi viganja vyake vinavyouma kwa kukanda udongo. Usiku ule wote wawili walilala na furaha, kila mmoja kwa jambo lake.

Kwa hiyo mara Vidole alipopotea kona, Koili aliingia chumbani kwa Bibi, yule bibi wa nyama na mifupa, akamwamkia mara mbili, akafunga dirisha, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akamletea maji.

"Joto lote hili?" Bibi akauliza.

"Nimeagizwa, bibi."

"Na nani?"

"Na mjukuu wako. Amesema nisikufunue, na nikupe maji kila saa."

Bibi akakitazama kikombe, akamtazama mleta kikombe. Kisha akanywa.

Saa sita akanywa tena. Saa saba akanywa tena. Katikati ya vikombe aliegemea mkono wa Koili kwenda msalani, wakirudi polepole, na huko njiani Bibi akamhoji kama askari wa zamu.

"Unataka nini kwa mjukuu wangu?"

"Nataka kumwoa, bibi."

"Na shangazi yake?"

"Huyo hapana. Mmoja ananitosha."

Bibi akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye kanga, na Koili akaruka na kitambaa kumpangusa, akimsihi asilowe, kwamba ameonywa sana kuhusu jambo hilo.

Ile feni nayo aliitengeneza. Safari hii ilikuwa mbovu kweli. Lakini fundi wa haki hajaribu mota kwa dakika mbili. Huiacha izunguke saa mbili tatu aone kama itachemka. Kuijaribia kwa Bibi asingethubutu, upepo ulishakatazwa. Akaibeba mpaka chumba cha nyuma, akaisimamisha katikati, akaiwasha namba tatu, ikielekea pembeni palipokuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa nguo mbichi na nailoni. Alidhani ni nguo za kufua. Nailoni ilipoanza kupigapiga, Koili alisimama mlangoni akatabasamu. Mota imepata nguvu, akajisemea.

Saa nane na nusu akasikia sauti. Ilikuwa ndogo, kavu. *Ta.* Kama mtu kavunja kijiti.

Aliingia bila haraka. Nailoni ilikuwa sakafuni. Nguo ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama karatasi, na imeteleza upande mmoja, na chini yake palikuwa na uso.

Ulikuwa uso wa Bibi. Si unaofanana naye; wake. Mikunjo ya pembeni mwa macho, kidevu kilichojitokeza kidogo kwa ubishi, masikio makubwa yaliyochongwa kwa uangalifu wa ajabu. Macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza. Na kutoka chini ya sikio la kushoto, kupitia shingo nzima mpaka juu ya bega, palikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha. Kwenye ubao uliobeba sanamu palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko anaoujua: *BIBI. Asifunuliwe.*

Koili alikisoma mara tatu. Masikio. Shingo. Asilowe. Kila neno lilirudi likamzaba kofi lake na kukaa pembeni kungoja wenzake.

Akazima feni. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele, maana ndani yake aliusikia ule ufa ukiendelea, taratibu, *ta*, kisha tena, *ta*.  Alifikiria kuondoka. Alifikiria kumpigia simu Vidole, akamwona kichwani mwake akimsikiliza ndani ya gari, katikati ya watu, na katani yake mapajani. Hakupiga. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua: akatoa utepe mweusi wa umeme, akaizungushia shingo ya sanamu, mzunguko juu ya mzunguko, kwa upole kama anamfunga mgonjwa. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kungoja, akihesabu bila kuwa na kitu cha kuhesabu.

Geti lililia saa tisa kasoro dakika tano.

Vidole aliingia akiwa amelikumbatia fungu la katani nyeupe. Aliiona feni kwanza. Halafu nailoni sakafuni. Halafu shingo.

Hakupiga kelele. Koili alikuwa amejiandaa kwa kelele, na zilipokosekana akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Nilikuambia umpe maji," Vidole alisema.

"Nimempa. Kila saa. Kikombe kizima."

"Kikombe kizima? Angekuwa uji."

"Amekwenda msalani mara nne."

 Vidole aliweka katani chini, kidogo kidogo, kama mtu anayeweka yai.

"Koili," akasema. "Bibi gani?"

Koili akaonyesha kwa kidole kule chumbani, na kutoka huko, kwa bahati mbaya kabisa, ikasikika sauti ya Bibi ikiuliza kama saa tisa imefika, maana kikombe hakijaja.

Kicheko kilimtoka Vidole bila ruhusa, kikakatika katikati, kikageuka kuwa kitu kingine. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, viganja usoni. Kwa sauti ya chini akaeleza, kwake mwenyewe zaidi kuliko kwa Koili. Udongo ukikauka hunywea. Lazima nje na ndani zinywee pamoja, polepole, siku kumi, chini ya nguo yenye unyevu. Ukiupiga upepo, nje hukimbia na ndani hubaki, zinavutana, unapasuka. Ukiuziba ufa kwa udongo mbichi, ule mbichi nao utanywea na kuachia. Zimebaki saa kumi na tisa, akasema. Hakuna shingo inayokauka kwa saa kumi na tisa.

"Nitamwambia Shangazi ni mimi," Koili akasema.

"Ukimwambia ndiyo umenipandisha basi kwa mkono wako."

"Basi nisimwambie."

"Ataona. Ana macho." Akainua uso. "Ungeuliza tu. Bibi yupi. Maneno mawili."

"Ungesema. Sanamu. Neno moja."

Lilikuwa jibu la haraka na la kipumbavu, na alitamani kulirudisha mdomoni. Vidole alimtazama muda mrefu, na mtazamo ule haukuwa wa hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Si shingo. Shingo ni tope. Wiki mbili umekuwa ukiniuliza kila jioni, Bibi anaendeleaje, Bibi amelalaje. Humu ndani hakuna mtu anayeniuliza kazi yangu inaendeleaje. Nikasema, hatimaye yuko mmoja. Nilikuwa nikikaa hapa na simu mkononi nangoja uniulize. Kumbe hukuwahi kuniuliza hata siku moja."

Koili alitafuta pa kuweka mikono. Hakupapata.

"Nilikuwa nauliza kitu unachokipenda kuliko vyote," akasema polepole. "Kila ukiandika jina lile niliona furaha mpaka kwenye kioo cha simu. Nilidhani ni yeye. Kama ningejua ni huyu, ningemuuliza huyu."

 Vidole alisimama, akaiendea sanamu, akaanza kuubandua ule utepe mweusi. Akasita. Akaupitisha kidole juu yake. Mizunguko ilikuwa imelala ubavu kwa ubavu, hakuna uliompanda mwenzake, hakuna uliolegea, kama imechorwa kwa rula.

"Nani kakufundisha kuzungusha hivi?"

"Ndiyo kazi yangu. Mota ukiisuka ovyo inaungua."

"Ukiisuka," Vidole akarudia.

Akaitazama katani nyeupe sakafuni. Akaitazama shingo. Koili aliiona fikra ikimjia usoni, mwanzo kwa woga, kama mgeni asiyejua kama ni nyumba yenyewe, naye akatambua kwamba lolote litakalofuata litamhitaji.

Vidole akasema katani hainywei. Udongo unanywea, nyuzi hazinywei. Kichwa ni kizima, mabega ni mazima. Kilichokufa ni shingo. Kama wataikata shingo yote, wasimamishe mti katikati, na kuuzungushia katani iliyosokotwa, mzunguko kwa mzunguko, iliyokazwa kiasi cha kubeba kichwa, basi Bibi atakuwa na shingo ya nyuzi. Yeye mwenyewe kusuka nywele anajua. Kusuka kitu kinachobeba uzito hajui.

"Mimi najua," Koili akasema.

"Ukikosea, kichwa kinaanguka."

"Najua."

"Leo umekosea kila kitu."

"Kila kitu kilichokuwa na maneno," akasema Koili. "Hiki hakina maneno."

Wakafanya kazi. Vidole aliikata shingo kwa waya mwembamba, akishusha pumzi kwa vipande, na kila waya ulipokwama wote wawili waligeuka mawe. Kichwa kilipoachia, alikipokea Koili kwa mikono miwili, kizito na baridi, akakilaza mezani juu ya nguo. Kisha akaanza kusuka. Vidole alimsokotea nyuzi na kumpa, yeye akazungusha, na kila uzi ulipobadilisha mkono vidole vyao viligusana. Mara moja tu Koili aliinua macho, akakuta anatazamwa. Ile alama ya udongo bado ilikuwa kwenye kidevu. Safari hii aliifuta, kwa gumba, haraka, akarudi kwenye hesabu yake. Alisahau alikuwa amefika ngapi.

Walikuwa hawajafika nusu ya shingo, saa kumi na moja na dakika mbili, viatu vya Shangazi vilipogonga sakafu ya barazani. Alikuja moja kwa moja. Akasimama mlangoni, akaangalia saa, akaangalia mabega yasiyo na kichwa, akaangalia kichwa kisicho na mabega, na mwisho akamwangalia Koili.

"Ni mimi," Koili akasema, kabla hajaulizwa. Akaeleza yote. Feni, vikombe, msalani. Hakuacha hata kitu kimoja.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza visingizio vya waliochelewa zamu. Kisha akasema hana ugomvi na mtu. Yule mama wa ukumbi atapigiwa simu asijisumbue. Vidole afunge virago. Asingoje Jumatatu, basi lipo hata Jumapili. Vidole akasema shingo itakwisha kabla ya asubuhi. Shangazi akasema hata ikiisha, kesho kutwa fundi wake atavunja nini. Vidole akasema hakuvunja kwa kupenda. Shangazi akasema ndivyo wasemavyo wote. Sauti zilipanda, zikapandiana, na Shangazi akaenda na kurudi na sanduku la bluu, akalitua katikati ya chumba, juu ya vipande vya shingo. Vikasagika.

Koili hakuacha kushika zile nyuzi. Alijua akiachia, mizunguko yote italegea.

Ndipo fimbo ikasikika ukumbini. Bibi aliingia na blanketi lake mabegani, jasho likimchuruzika, kikombe kitupu mkononi. Akakiona kichwa mezani. Akakikaribia, akakigusa sikio, akajigusa lake.  Akamgeukia bintiye.

"Rudisha sanduku ulikolitoa."

"Mama, wewe hujui kilichotokea."

"Nimesikia. Leo nina masikio mawili."

"Basi kama umesikia," Shangazi akasema, na sasa hata saa hakuitazama tena, "niambie wewe mwenyewe. Tumwache mtoto wa marehemu mikononi mwa mtu huyu? Mtu mzima, na akili zake, kaambiwa amtunze bibi, kashindwa hata kujua bibi ni yupi?"

Bibi akamnyooshea Koili kikombe kitupu, bila kumwondolea bintiye macho.

"Miaka kumi na miwili naishi na wewe niliyekuzaa," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kusemwa humu ndani 'Bibi apewe maji', na mtu akanikumbuka mimi."